Ruzuku za Utafiti: Chungu ni cha Nani?

Mwishoni mwa Januari 2025 barua fupi zilianza kufika katika vyuo na vituo vya utafiti vya Afrika, zikiwaagiza watu waliokuwa wakifanya kazi kwa fedha za misaada ya Serikali ya Marekani wasimamishe kazi mara moja. Tarehe 1 Mei Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zilitangaza kwamba fedha za utafiti zinazopitia chuo cha Marekani kwenda chuo cha nchi nyingine hazitatolewa upya mpaka utaratibu mwingine uwekwe. Tarehe 1 Julai Shirika la Misaada la Marekani, USAID, likakoma kutoa misaada. Na Desemba mwaka huo huo Sweden, ambayo kwa miongo mingi imesaidia utafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitangaza kwamba itaondoa misaada yake ya maendeleo kwa Tanzania.

Mengi yamesemwa juu ya wakubwa waliotoa amri hizo. Leo twapenda kusema juu ya mtu ambaye hatajwi sana, naye ni mkuu wa ofisi ya ruzuku chuoni. Barua kama hizo zinapofika, yeye ndiye anayefungua kabati na kusoma mikataba upya, kifungu kwa kifungu, akitafuta kama pana neno lolote linalomlinda mtafiti, mgonjwa aliyeandikishwa katika utafiti, au dereva wa mradi. Mara nyingi hulikosa neno hilo. Tena hulikosa kwa sababu siku mkataba ulipoandikwa hakuna aliyelidai.

Wengi huidhani ofisi hii kuwa dirisha la karani. Mhadhiri huleta andiko lake siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, karani hupiga muhuri, makamu mkuu wa chuo hutia sahihi. Kazi yenyewe ni kubwa kuliko hivyo. Ofisi hutafuta matangazo ya ruzuku na kuwajulisha wahadhiri, husoma masharti ambayo pengine yanazidi kurasa mia, hupanga bajeti, huhakikisha kwamba kibali cha COSTECH kimepatikana, na cha maadili kutoka NIMR kama utafiti unahusu afya za watu, na fedha zikiisha kuja, huchunga matumizi na taarifa mpaka siku ya mkaguzi wa hesabu. Mhadhiri mwenye vipindi kila siku na wanafunzi mia tatu wa kuwasahihishia mitihani hawezi kuyafanya haya peke yake. Akiachwa peke yake, ama ataacha utafiti, ama atatia sahihi jambo asilolielewa.

Ofisi za namna hii hazikuzaliwa kwetu. Zilikua Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati serikali ya huko ilipokubali shauri alilolitoa Vannevar Bush mwaka 1945 kwamba fedha za umma zitumike kuendesha utafiti vyuoni. Fedha zilipoongezeka, vyuo viliona haja ya watu wa kukaa mezani na serikali na kupatana nayo. Na mwaka 1959 watu hao wakaunda chama chao cha taifa. Jambo kubwa walilolipigania ni hili: anayekipa chuo kazi alipe pia gharama ya kuwepo kwa chuo. Utafiti hauli mshahara wa mtafiti na bei ya dawa tu. Unakula umeme, maji, maktaba, mlinzi wa usiku, fundi wa jokofu, na karani wa hesabu. Kila chuo hupatana na serikali kiwango chake, asilimia kadhaa juu ya gharama za utafiti wenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri letu, kwa hiyo msomaji atuvumilie kidogo na hesabu.

Tarehe 7 Februari 2025 NIH zilitangaza kwamba gharama hizo za kuendesha chuo zisizidi asilimia 15. Zilieleza pia kwamba vyuo vya Harvard, Yale na Johns Hopkins vilikuwa vikitoza zaidi ya asilimia 60. Vyuo vya Marekani havikunyamaza. Majimbo 22, pamoja na vyuo na vyama vyao, yalikwenda mahakamani, na Aprili mwaka huo mahakama ya Massachusetts ikaizuia amri ile. Walisema waziwazi kwamba kwa asilimia 15 maabara zitafungwa.

Sasa tutazame upande wetu. Kwa miaka mingi, chuo cha nje ya Marekani kilichopata ruzuku ya NIH kililipwa kwa ajili ya gharama hizo asilimia 8, bila kuhesabu vifaa. Tena kanuni ilieleza kwamba asilimia hizo 8 ni za kukisaidia chuo kutimiza masharti ya mfadhili. Umeme haukutajwa, wala mlinzi. Chukua utafiti wenye gharama halisi ya dola 100,000. Chuo kikubwa cha Boston kingepata juu yake kiasi cha dola 60,000. Chuo cha Dar es Salaam, Kampala au Nairobi kingepata 8,000. Jokofu la sampuli ni lile lile, na umeme unakatika zaidi kwetu kuliko kwao. Nani aliyelipa tofauti? Aliilipa mlipa kodi, na pengine aliilipa mwanafunzi kwa kukosa vitabu. Kwa maneno mengine, maskini alikuwa akimfadhili mfadhili wake, na katika taarifa ya mwaka jambo hilo likaitwa mafanikio.

Hatumlaumu mfadhili kwa kutaka rahisi. Kila mnunuzi hutaka rahisi. Lakini ili kupinga asilimia 8 chuo kinahitaji hesabu yake chenyewe. Lazima ofisi ijue, kwa shilingi, maabara moja inakula umeme kiasi gani kwa mwezi, na karani wa hesabu anatumia siku ngapi kwa mradi mmoja. Mkuu wa ofisi asiye na hesabu hiyo hawezi kupatana. Atapokea anachopewa na kushukuru.

Jambo la pili ni la wafanyakazi, nalo lawagusa moja kwa moja wasomaji wetu. Machi 2025 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, baada ya kupoteza zaidi ya dola milioni 800 za USAID, kilitangaza kufuta kazi zaidi ya 2,000. Kati ya hizo, 247 zilikuwa Marekani. Nyingine 1,975 zilikuwa nje, katika nchi 44. Tafakari tarakimu hizo. Uamuzi ulifanywa Washington, jina la chuo ni la Baltimore, lakini katika kila watu tisa waliopoteza kazi, wanane walikuwa wa nchi nyingine. Hao ni wauguzi, madereva, wakusanya takwimu, watu wa mikataba ya mwaka mmoja mmoja ambayo hurudiwa mpaka mtu anazeeka ndani yake.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataja kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Si fedha nyingi. Lakini mradi ukifungwa kwa barua ya asubuhi, fedha hizo zitatoka wapi kama hazikuwekwa kando tangu mwanzo? Kanuni za Serikali ya Marekani zenyewe huyatambua malipo ya kuachishwa kazi yanayotakiwa na sheria. Basi mlango upo. Anatakiwa mtu wa kuubisha wakati bajeti inapoandikwa. Mtu huyo ni mkuu wa ofisi ya ruzuku, na chama cha wafanyakazi chuoni kina haki ya kumwuliza kama aliubisha.

Watu wengine watasema mwomba hachagui. Watatukumbusha, na kwa haki, kwamba chanjo ya kwanza ya malaria, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, ilijaribiwa pia Bagamoyo na Korogwe, na kwamba haingefika huko bila fedha za nje. Ni kweli, na hatutaki kurudisha gurudumu nyuma. Lakini wazee wetu walisema pia kwamba mwomba chumvi huombea chungu chake. Anayeomba hujua anapika nini. Tunachokiona katika vyuo vingi ni kinyume: tangazo hutoka kwanza, ndipo mhadhiri anapogeuza swali lake lifanane nalo. Mtaalamu wa udongo wa Shinyanga huandika juu ya mambo asiyoyajua kwa sababu ndiyo yenye fedha mwaka huu, na mwaka ujao ataandika juu ya mengine. Mkuu wa ofisi hodari ni yule awezaye kumwambia mwenzake, "Ndugu, tangazo hili si letu, liache," hata kama jumla ya mwisho wa mwaka itapungua. Ni vigumu kuyasema maneno hayo ikiwa yeye mwenyewe anapimwa kwa jumla hiyo.

Wala hawezi kuyasema kama hana cha kumpa mhadhiri mahali pa lile tangazo. Nchi za Umoja wa Afrika ziliafikiana mwaka 2006 kutumia asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nyingi hazijafika hata nusu ya njia. Uganda ilianza kwa namna yake mwaka wa fedha 2019/20, serikali ilipokipa Chuo Kikuu cha Makerere shilingi za Uganda bilioni 30 kwa utafiti ambao maswali yake yanatungwa nyumbani. Kwetu, mwaka 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza kutenga shilingi bilioni 1 kuwatuza watafiti wanaochapisha katika majarida makubwa. Tuzo ni jambo jema, ila humfika mtu aliyekwisha kumaliza safari. Mhadhiri kijana anahitaji nauli ya kuanzia. Hata fedha kidogo za chuo chenyewe, za kufanya utafiti wa awali wa miezi sita, humfanya mtu huyo akae mezani na mfadhili akiwa na kitu mkononi.

Mabaraza ya vyuo hupokea taarifa ya kila mwaka yenye ukurasa mmoja wa ruzuku, na juu yake jumla kwa herufi nene. Twaomba pawe na ukurasa wa pili. Uandikwe humo kila mradi ulikipunguzia chuo shilingi ngapi katika umeme na mishahara ya karani. Ni watu wangapi wanaokula kwa mradi huo, na kiinua mgongo chao kiko katika akaunti gani. Na swali la utafiti lilitungwa na nani.