BABA, NA WEWE UTOE DAMU



Leo ninasema na nyumba iliyo na mtoto aliyechelewa. Wenzake walipokaa, yeye alikuwa bado amelala. Wenzake walipotembea, yeye ndio anajifunza kukaa. Sasa ana miaka minne na maneno yake yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Alipozaliwa alilia vizuri. Hakuugua homa ya uti wa mgongo wala malaria ya kupanda kichwani. Masikio yamepimwa, damu imepimwa, kichwa kimepigwa picha. Hakuna jibu. Daktari anasema, "Sasa tupime jeni. Tunahitaji damu ya mtoto, ya mama na ya baba."

Hapo ndipo nyumba inagawanyika. Mama yuko tayari. Baba anakataa.

Ninajua kwa nini. Hapa Kenya neno DNA tumelizoea kwa kesi za mtoto ni wa nani. Baba akiambiwa atoe damu, anasikia kama ameitwa kortini. Mwingine anasema, "Kwetu hatuna mambo kama haya. Mpimeni mama yake."

Baba yangu, nisikilize kwa upendo. Daktari hajakushtaki. Mtoto wako alipokea kromosomu 23 kutoka kwako na 23 kutoka kwa mama yake. Ndani yake mna maagizo ya mwili wote, kama barua ndefu sana. Kila mwanadamu ana herufi nyingi zilizobadilika katika barua yake, na nyingi hazina madhara yoyote. Maabara ikisoma barua ya mtoto peke yake, itaona mabadiliko mengi na isijue lipi limeleta shida. Ikisoma za wote watatu, inalinganisha: hili liko kwa baba na baba ni mzima, hili liko kwa mama, hili haliko kwa yeyote, limeanzia kwa mtoto mwenyewe. Ukikataa, unamwacha daktari akisoma gizani.

Tena sikia hili. Huko Uingereza na Ireland, watafiti walipima watoto zaidi ya 13,000 waliokuwa na matatizo makubwa ya ukuaji yasiyojulikana chanzo, na wengi walipimwa pamoja na wazazi wao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba karibu watoto 41 kati ya kila 100 walipata jibu. Na kati ya waliopata jibu, takriban robo tatu walikuwa na badiliko jipya, ambalo halikuwa kwa baba wala kwa mama.

Soma hapo tena, mama uliyeambiwa umeleta laana kwa boma la watu. Badiliko jipya. Halikutoka kwa ukoo wenu. Halikutoka kwa ukoo wao. Halikuletwa na chakula ulichokula ukiwa mjamzito wala na ugomvi wako na mama mkwe.

Wanafunzi walimwuliza Yesu katika Yohana 9 ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa swali lenyewe. Hakuchagua mzazi wa kulaumu. Halafu akamtuma yule mtu aende akanawe. Kwa hivyo anayekwambia kwenda maabara ni kukosa imani, mwulize: yule kipofu alipotembea mpaka Siloamu, alikosa imani? Na anayekudai pesa ili avunje madhabahu ya ukoo iliyomfunga mtoto wako, mfungie mlango. Tutaomba bila malipo.

Sitakudanganya kwamba kipimo hiki ni muujiza. Wengi hupimwa na jibu lisionekane. Wengine huambiwa kuna badiliko lakini maana yake haijulikani, na kwetu Waafrika hilo hutokea zaidi kwa sababu orodha za jeni duniani zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo maana ninafurahia kazi ya watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi, ambao wamekuwa wakikusanya sampuli za watoto wa aina hii na familia zao. Jibu lisipoonekana leo, si ushahidi wa laana. Matokeo yaleyale yanaweza kusomwa tena baada ya miaka michache, elimu ikiongezeka.

Na jibu likionekana limetoka kwa mzazi? Basi lisigeuzwe fimbo. Kuna hali ambapo baba na mama wote wamebeba badiliko moja moja bila kujua, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye shida hiyo. Kuna hali kama Fragile X, ambapo mama anaweza kubeba bila dalili yoyote. Hakuchagua jeni zake, kama wewe hukuchagua urefu wako.

Jibu lina faida gani, kama mara nyingi haliponyi? Linawaambia mtarajie nini mkitaka mtoto mwingine. Linamwonyesha daktari wapi pa kuchungulia: moyo, figo, macho. Mara nyingine linabadilisha dawa. Kuna kifafa cha watoto kiitwacho Dravet. Kikijulikana mapema, daktari huepuka dawa fulani za kifafa zinazozidisha degedege. Na linafunga mdomo wa lawama.

Kipimo ni ghali, na sampuli nyingi hupelekwa nje ya nchi. Pesa zikiwa kidogo, mazoezi ya mtoto kwanza. Usiyasimamishe ukingoja maabara. Lakini kanisa, sisi tunachangia harusi na mazishi. Tuchangie na hili. Kabla ya kupimwa, kaeni wawili na daktari, mwulize ni nini kitapimwa na nini kinaweza kujitokeza. Taarifa za jeni zinalindwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data. Si mambo ya kuwekwa kwa grupu ya WhatsApp ya ukoo, wala ya kusomwa madhabahuni.

Baba, mtoto huyu ni wenu wawili. Mama amembeba mgongoni kliniki zote hizo. Siku ya damu, uwe kwenye kiti kando yake, mkono wa shati umekunjwa.

Baba wa Mbinguni, iguse nyumba inayosoma haya. Ondoa lawama, lete umoja, na mtoto huyu apendwe jibu likija na jibu lisipokuja. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, kisha umtumie baba mmoja ujumbe huu. Mbarikiwe.