Simbilisi si Mbuzi

Wako wasemao kwamba katika nchi ya ukame kama Mashuuru, mnyama alaye nyasi kavu hahitaji zaidi. Neno hilo lamfaa mbuzi. Kwa simbilisi aliyenunuliwa jana ni hukumu ya kifo. Mbuzi hujitengenezea vitamini C mwilini. Simbilisi, kama binadamu, hawezi. Akikosa majani mabichi kwa majuma machache hupatwa na kiseyeye: ufizi hutoka damu, viungo huvimba. Nyasi kavu apewe kila siku, maana meno yake hayakomi kukua. Lakini aongezewe sukuma wiki, maji safi na kivuli, kwani joto kali humuua. Asiyeweza hayo wakati wa kiangazi, asimnunue. Mbuzi hujitafutia malishoni. Simbilisi kizimbani hana ila mkono wa bwana wake.