CapCut ikizimwa, harusi zetu zitabaki wapi?

Hapa Matonge, mtaa wa Wakongo mjini Brussels karibu na Porte de Namur, vijana wanaohariri video za harusi wananiuliza: hii programu yetu itadumu kweli? Hofu yao ina msingi. Usiku wa 18 Januari 2025 CapCut, mali ya ByteDance ya China, ilizimwa Marekani pamoja na TikTok. Ikarudi, lakini watu walishaonja joto ya jiwe.

Wala si Wachina peke yao. Mwaka 2011 Apple ilitoa Final Cut Pro X isiyofungua kazi za toleo lililotangulia. Mwaka 2013 Adobe ikaamua kuwa matoleo mapya ni ya kulipia kila mwezi, si kununua mara moja. Mwaka 2017 Microsoft ikaitupa Movie Maker.

Kwa maoni yangu, cha kuogopewa si programu kufa, bali kazi iliyofungiwa ndani yake. Faili la mradi si video. Ni maelekezo tu ya wapi pa kukata na wapi pa kuunga. Bila programu, halifunguki. Basi ndugu zangu wa Muscat na Dubai, mkimwajiri kijana arekodi harusi ya mjukuu, daini vitu viwili viwe kwenye diski yenu: video iliyokamilika ya MP4, na video zote ghafi. Daini kabla hamjamaliza kumlipa.