Makaa Yanashika Vitamini, Sawa. Lakini Yataiachilia?

Wasee wa ukulima wa simu, tuongee kidogo. Kuna wazo tamu sana: chukua bayocha, iloweshe vitamini, changanya kwa chakula cha kuku ama ng'ombe, kisha uza. Mnyama anapata vitamini, samadi inatoka na kaboni ndani, shamba linashukuru, na wewe unahesabu chapaa. Kabla utoe hata soo yako, kuna swali moja lazima muuzaji akujibu: hiyo vitamini ikiingia kwa tumbo, makaa yataiachilia?

Kwanza tuelewane. Bayocha ni makaa, lakini si yale ya debe unanunua ya jiko. Unachukua mabaki ya mimea, kama maganda ya mpunga ya Mwea ama vifuu vya nazi vya Pwani, unayapasha moto mkali wa nyuzi mia kadhaa bila kuachilia hewa nyingi iingie. Badala ya kuisha yote kuwa jivu, kunabaki kaboni yenye vitundu vidogo sana. Vitundu ndivyo mchezo wote. Gramu moja ya makaa yaliyoandaliwa vizuri inaweza kuwa na uso wa ndani unaopita mita mraba 500. Uwanja wa basketi ni mita mraba 420. Piga hesabu.

Sasa unaona mbona mtu akafikiria vitamini. Vitamini huharibika upesi: jua, joto, unyevu, hewa, hata madini kama shaba na chuma yaliyo kwa mchanganyiko huo huo. Tena zinahitajika kidogo sana hadi huwezi kuzirusha tu kwa gunia ukitarajia kila kuku apate yake. Ndio maana viwanda hutumia kibebaji, yaani kitu cha kuzibeba na kuzisambaza: pumba za ngano, maganda ya mpunga yaliyosagwa, chokaa, ama unga wa silika unaofyonza vitamini E ya mafuta hadi iwe kama poda. Bayocha nayo ina vitundu vya kutosha. Kwa karatasi, inaingia boksi.

Lakini kibebaji ni kama boda. Kazi yake si kukupakia tu, ni kukushukisha stage. Na makaa yana sifa ya kutoshukisha watu.

Fikiria hospitali. Mtu akimeza sumu aina fulani, daktari anaweza kumpa makaa amilifu, binamu mkali wa bayocha, ili yanase sumu tumboni itoke nayo bila kuingia kwa damu. Daktari huyo huyo atakuonya usiyachanganye ovyo na dawa zako za kawaida, kwa sababu yananasa hata dawa. Makaa hayana macho. Hayajui hii ni sumu, hii ni dawa, hii ni vitamini A. Na vitamini A, D, E na K ni za jamii ya mafuta, zile hazipendi maji. Vitu vya aina hiyo ndivyo kaboni hupenda kung'ang'ania.

Hapa ndipo huwa nacheka. Muuzaji atakuambia bayocha yake inanasa sumukuvu kwa chakula. Hilo si jambo dogo Kenya: mwaka wa 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu zaidi ya 100 upande wa Ukambani na majirani wake, na ng'ombe akila chakula kibaya sumu inafika hadi kwa maziwa. Sawa. Lakini sentensi inayofuata anakuambia bayocha hiyo hiyo inafikisha vitamini bila shida. Buda, chagua moja! Kama yanashika sumu kwa nguvu hivyo, nionyeshe mbona vitamini inaachwa iende.

Sisemi haiwezekani. Makaa yanatofautiana kulingana na mmea, joto na vile yalivyoandaliwa, na tumboni kuna nyongo na mafuta yanayoweza kung'oa vitamini kiasi. Labda kuna mchanganyiko unaofanya kazi. Lakini "labda" haiuzwi kwa gunia. Na kupima si uchawi. Vitamini A huhifadhiwa kwenye ini. Chukua vifaranga wa aina moja, makundi mawili, wape vitamini kiasi kile kile, kundi moja kwa bayocha na lingine kwa kibebaji cha kawaida. Baadaye pima ini. Namba zikilingana, mimi nitakuwa wa kwanza kukupigia debe. Zikikosa kulingana, umemuuzia mkulima makaa ghali.

Na anayeumia si wewe wa video. Kuku akikosa vitamini A macho yanavimba, anadhoofika, mayai yanapungua. Mama wa kuku 200 kule Kitengela hatajua ni makaa. Atajilaumu, ama ataongeza dawa, ambayo pia makaa yanaweza kuinasa.

Halafu, si kila mnyama anahitaji hiyo package. Vijidudu vya tumbo la ng'ombe hutengeneza vitamini B vyenyewe, majani mabichi humpa malighafi ya vitamini A, na jua humpa D. Mwenye shida zaidi ni kuku wa kufungiwa, ama ng'ombe wa kiangazi anayekula nyasi kavu tu.

Bayocha yenyewe ina nafasi yake. Australia Magharibi, mkulima Doug Pow alilisha ng'ombe wake bayocha yenye molasi, na wale mende wa kusukuma mavi wakaizika ardhini bure. Hapo makaa yanafanya kazi ya makaa: kukaa kwa udongo miaka mingi. Hiyo naiamini kuliko hadithi ya vitamini.

Sisi vijana wa Kenya tumewahi kuuziwa ndoto. Kumbuka kware, miaka ya 2013 na 2014. Watu walinunua vizimba, wakatafuta leseni ya KWS, mayai yakawa dhahabu, halafu soko likaanguka na wa mwisho kuingia ndio walibaki na ndege. Hakuna aliyekuwa ameuliza nani atakula hayo mayai yote.

Kwa hivyo mtu akikuletea bayocha ya vitamini, usimuulize inashika kiasi gani. Muulize imeachilia kiasi gani, ndani ya mnyama gani, na nani alipima. Akianza kukuonyesha picha za kuku wanono badala ya namba, funga hiyo DM.