Maneno ya ndege yaeleweke kwa abiria

Kwa mkazi wa Mahagi-Port anayekwenda Kinshasa, ndege si anasa. Hupanda hadi Bunia, na hapo uwanjani ndipo anapoanza kukutana na maneno yasiyomsaidia.

La kwanza ni Go Pass, ada ambayo abiria wa Kongo wanaijua tangu 2009. Lugha rasmi ya nchi ni Kifaransa, abiria anaongea Kialur na Kiswahili, lakini karatasi anayolipia ina jina la Kiingereza. "Ada ya uwanja" ingetosha.

Kiingereza chenyewe kina maneno ya ajabu. "Terminal" hospitalini huambatana na ugonjwa usiopona. Tanzania inasema "jengo la abiria" na hakuna anayepotea. "Final destination" ikigeuzwa neno kwa neno inakuwa mwisho wa safari, na Mswahili akisikia hivyo anawaza kaburi. Kwa nini isiwe "unakokwenda"? Nacho "kisanduku cheusi" kina rangi ya machungwa. "Kinasa safari" kingeeleza kazi yake. Kifaransa nacho kina lake: "vol" ni safari ya ndege, na ni wizi pia.

Hayo yanaweza kuchekesha. Maelezo ya usalama hayachekeshi. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa. Baadhi yao walikuwa wamejaza hewa jaketi zao wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi ziliwainua hadi darini na wakashindwa kutoka.

Agizo lenyewe ni fupi: "Jaketi la kuokoa maisha liko chini ya kiti. Usilijaze hewa mpaka utoke nje ya ndege." Mvuvi wa Ziwa Albert akiambiwa hivyo anaelewa mara moja. Akiambiwa kwa Kifaransa na Kiingereza tu, huenda akabaki kutazama mikono ya mhudumu.

Wapo watakaosema anga inahitaji lugha moja. Ni kweli kwa rubani na mwongoza ndege, na hao waachwe na Kiingereza chao. Abiria haongozi ndege. Anachohitaji ni kujua mlango wa dharura uko wapi na mkanda unafunguliwaje.

Katiba ya 2006, kifungu cha kwanza, inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, na inaitaka Serikali izikuze bila ubaguzi. Mamlaka ya usafiri wa anga ina pa kuanzia: kila ndege inayobeba abiria wa mashariki itoe maelezo ya usalama kwa Kiswahili pia. Hilo halihitaji uwanja mpya wala ndege mpya. Linahitaji karatasi moja iliyoandikwa vizuri, na mhudumu wa kuisoma.