HESABU YA GREDI YA 6: TUSIDANGANYANE

Ndugu wafanya kazi,

Katika mkutano wetu uliopita, tulipokuwa tukimngoja karani alete daftari, ndugu mmoja wa genge letu alisema maneno ambayo hayajanitoka moyoni. Alisema hivi: "Siku hizi mtoto hana mtihani. KCPE imekufa. Ule wa Gredi ya 6 ni wa kuandika tu, wote huingia Gredi ya 7. Kwa nini nisumbuke?" Watu wakacheka, na wengine wakaitikia kwamba ni kweli. Mimi sikusema neno siku ile. Leo nasema.

Ndugu yangu, umekosea. Na kwa kuwa umekosea mbele ya watu, nakujibu mbele ya watu, bila chuki.

Ni kweli KCPE imekwisha. Ilianza mwaka 1985, na ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Sisi tuliosoma zamani twaijua sana. Mimi niliifanya mwaka 2004 katika shule ya misheni hapa kwetu Kiritiri. Maswali ya hesabu yalikuwa 50, kila moja na majibu manne, A, B, C, D. Mtoto alisoma miaka 8, akapimwa kwa siku chache, na siku hizo zikaamua maisha yake. Ulikuwa mlango mmoja, na mlango ule ulibana wengi.

Sasa mlango ule umevunjwa, na mahali pake pamewekwa milango mitatu. Sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi wetu twapotea.

Mlango wa kwanza ni mtihani wa Gredi ya 6, uitwao KPSEA, ulioanza mwaka 2022. Hesabu imo ndani yake. Ni kweli haumfukuzi mtoto. Wote huendelea na Gredi ya 7, tena mara nyingi katika uwanja ule ule wa shule ya msingi. Lakini usimfukuze mtu si kusema hauandiki. UNAANDIKA. Alama zake hutiwa akibani zikingoja.

Mlango wa pili ni kazi za kupima ambazo mwalimu humpa mtoto shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8.

Mlango wa tatu ni mtihani wa Gredi ya 9, uitwao KJSEA, uliofanywa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2025. Hapo ndipo akiba yote hufunguliwa. Katika kila 100 zinazompeleka mtoto sekondari ya juu, 20 ni za Gredi ya 6, 20 ni za kazi za Gredi ya 7 na ya 8, na 60 ni za Gredi ya 9.

Basi tupige hesabu, kwa mfano tu. Watoto wawili wamefanya sawa kabisa katika Gredi ya 9, kila mmoja amepata 70 katika 100. Hizo zampa kila mmoja 42. Mtoto wa kwanza alikuwa na 80 katika Gredi ya 6, hizo ni 16, na 75 katika kazi za shule, hizo ni 15. Jumla yake ni 73. Mtoto wa pili baba yake alisema "ni wa kuandika tu." Alipata 40 katika Gredi ya 6, hizo ni 8, na 45 katika kazi za shule, hizo ni 9. Jumla yake ni 59. Siku ya mwisho walikuwa sawa, na bado mmoja ameachwa nyuma alama 14. Alama hizo zilipotea kimya kimya, mtoto akiwa bado mdogo, nasi tukicheka mkutanoni.

Najua yuko atakayeuliza: mambo ya shule yaingiaje katika gazeti la chama cha wafanya kazi? Nitamjibu kwa jambo lililonipata mwenyewe.

Nilipomaliza darasa la 8 ada ya sekondari ilitushinda nyumbani. Serikali ilianza kulipa karo ya mafunzo ya sekondari mwaka 2008, nami nilikuwa nimeshika nyundo tayari. Kabla ya kuja reli nilifanya kibarua kwa mkandarasi mmoja, nisimtaje, tukivunja mawe ya kokoto. Tulilipwa kwa mita, siyo kwa siku. Tulijaza kokoto ndani ya fremu ya mbao, urefu mita 4, upana mita 2, kimo nusu mita. Jioni karani alipita na kalamu na kuandika: mita 3. Tukashukuru, tukaenda zetu.

Hesabu yake ni hii: 4 mara 2 ni 8, na nusu ya 8 ni 4. Mita 4! Kila jioni alitunyang'anya mita moja kwa kalamu tu. Kwa wiki 5, siku 6 kila wiki, mita 30 za jasho letu. Wala hakutupiga, wala hakutufokea. Ilikuwa hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, nasi tulikuwa watu wazima wenye ndevu.

Na aibu kubwa ni hii: mimi nilikuwa nimefundishwa. Darasani tuliimba urefu mara upana mara kimo mpaka tukalala tukiota. Katika karatasi ya mtihani ningeweka alama mahali pake. Lakini katika miaka 8 sikuwahi kushika futi ya kupimia. Sikuwahi kupima hata dawati nililokalia. Basi nilipoiona fremu ya mbao porini sikujua kwamba ndilo lile sanduku la kitabuni.

Kwa hiyo mimi sipingi mtaala huu wa umilisi. Ukisema mtoto apime, akate, ajaze, ahesabu vitu vyenyewe, nasema ndiyo, tumechelewa. Kazi yetu ya njia yaonyesha hivyo kila siku. Njia yetu ya zamani ina upana wa mita moja, na ile ya SGR ina milimita 1,435. Hakuna mnyapara atakayekuandikia A, B, C, D juu ya taruma. Unapima, au treni inaanguka.

Ninachopinga ni kuleta mtihani mpya bila kuleta vitu vyake.

Jambo hili lilitokea zamani pia. Mwaka 1962 wataalamu, wengine wao kutoka Marekani, walikutana Entebbe kutunga vitabu vya hesabu mpya kwa shule za Afrika. Ikaenea Kenya. Wazee wetu waliokuwa shuleni wakati ule wanaikumbuka. Hesabu yenyewe haikuwa na ubaya, lakini walimu wengi hawakuwa wametayarishwa, na mzazi alipofungua daftari la mtoto hakuona kitu anachokijua. Mwaka 1981 Rais Moi akaamuru iachwe. Waliotunga walikwisha kwenda zao. Aliyebaki na hasara ni mtoto wa kijijini, ambaye hesabu ya zamani hakuijua na mpya hakuipata.

Je, twataka hayo yarudi? Tazameni hali ilivyo. Serikali huihesabia shule ya msingi shilingi 1,420 kwa kila mtoto kwa mwaka. Gawanyeni kwa siku 365. Haifiki shilingi 4 kwa siku. Andazi moja ni zaidi ya hapo! Kazi za kupima za Baraza la Mitihani huja kwa mtandao. Mwalimu azishushe, azichapishe, azisahihishe, kisha arudishe alama kwa mtandao. Shule yenye umeme na mashine ya kuchapa humaliza asubuhi moja. Huku Mbeere ya chini zimo shule ambazo mwalimu huandika maswali ubaoni na kurudisha alama kwa simu yake mwenyewe, kwa pesa yake mwenyewe. Na kumbukeni kwamba mabwawa ya Mto Tana, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Masinga na Kiambere, yako huku kwetu. Umeme wapita juu ya vichwa vyetu kwenda mbali.

Na mwalimu mwenyewe je? Sekondari msingi ilipoanza mwaka 2023, wengi wa walimu wake waliandikwa kwa mkataba wa mafunzo, shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakifanya kazi kamili ya mwalimu. Sisi twalijua jina la jambo hilo. Ni KIBARUA. Mwezi wa Mei mwaka 2024 waligoma, na Januari 2025 maelfu wakaandikwa kwa kudumu. Lakini mwezi ule ule wengine wapya wakachukuliwa kwa mkataba wa namna ile ile. Ndugu, mtu ambaye hajui kama mwaka ujao atakuwa na kazi ndiye amepewa kumpima mtoto wako alama 20. Msimlaumu yeye. Yeye ni mwenzetu.

Sasa niseme juu ya wauza hofu. Siku ya soko hapa Kiritiri utamwona mtu amesimama penye magari ya Embu na furushi la karatasi, akiita, "Maswali ya Gredi ya 6! Majibu yamo ndani!" Wengine hukusanya watoto wakati wa likizo na kudai pesa, ijapokuwa sheria ya elimu ya mwaka 2013 imekataza masomo ya likizo. Nao wafanya kazi hulipa, kwa kuwa mtu mwenye hofu hulipa upesi. Mtu yule anatuuzia KCPE iliyokufa katika sanda mpya. Mtoto akikariri majibu ya karatasi ile atakuwa kama mimi nilivyokuwa mbele ya fremu ya kokoto.

Hesabu ya kweli iko nyumbani, wala haina bei. Mama wa nyumbani kwangu huuza ndengu. Gunia ni kilo 90. Gorogoro la haki ni kilo 2, basi gunia latoa magorogoro 45. Lakini wako wanunuzi wenye gorogoro lililogongwa chini likapanuka, likachukua kilo 2 na robo. Nilimpa binti yetu wa Gredi ya 6 hesabu hiyo. Alikaa na kijiti akiandika mchangani, kisha akasema, "Baba, gunia litatoa 40 tu. Mama ameibiwa 5." Siku ya soko iliyofuata yeye na mama yake walikwenda na gorogoro lao. Yule mnunuzi alikasirika sana, lakini alinunua. Mtoto aliyefanya hivyo hahitaji karatasi ya penye magari.

Na jambo hili haliishii Gredi ya 9. Palikuwa na mpango kwamba katika sekondari ya juu mtoto aweza kuiacha hesabu kabisa. Watu walipiga kelele, na mwezi wa Aprili mwaka 2025 Waziri Ogamba akatangaza kwamba kila mtoto ataisoma: hesabu nzito kwa wanaokwenda njia ya sayansi na uhandisi, na nyepesi kwa wengine. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari mwaka 2026. Mwaona? Kelele zilisaidia. Lakini fikirini pia ni watoto wa nani watakaoishia katika ile nyepesi, kama Gredi ya 6 twaiita mchezo. Mtoto wa mhandisi atakuwa mhandisi, na mtoto wa mshika nyundo atashika nyundo, na safari hii tutaambiwa alichagua mwenyewe!

Basi napendekeza mambo manne, yajadiliwe katika mkutano ujao:

(1) Kila mwanachama mwenye mtoto tangu Gredi ya 4 aende shuleni kabla ya muhula kwisha, aombe kuona kazi yake ya hesabu. Anayefanya kazi mbali amtume mwenzake au ampigie mwalimu simu.

(2) Tuache kununua karatasi za hofu. Pesa hiyo inunue futi ya kupimia, na mtoto apime shamba, tangi na mlango wa nyumba.

(3) Tawi letu liandike barua, lidai walimu wa hesabu wa kudumu katika sekondari msingi, na mashine ya kuchapa kwa kila shule. Barua hiyo tuitie sahihi pamoja na walimu, siyo juu yao.

(4) Yule ndugu aliyesema "ni wa kuandika tu" awe mwenyekiti wa kamati ya jambo hili. Sisemi kwa mzaha. Ana watoto watatu shuleni, na sauti yake husikika kuliko yangu.

Karani yule wa kokoto sijui yuko wapi leo. Lakini kalamu yake iko, na inangoja watoto wetu. Tusiwapeleke kwake mikono mitupu.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa njia, Kiritiri