Kabla Mtoto Adungwe Dawa ya Usingizi, Ongea

Wasee wa Kitengela, hii tabia ya "daktari haulizwi maswali" itatumalizia watoto.

Kila ploti ina yule kijana mdogo alichelewa kutembea. Anaanguka ovyo, ngazi zinamshinda, akiinuka anajisukuma na mikono kwa mapaja. Miguu chini ya goti imenona, tunasema atakuwa striker. Wengine wanamwita mvivu. Wacheni! Hiyo inaweza kuwa Duchenne, ugonjwa wa misuli unaoshika sana wavulana.

Sasa anapelekwa kutolewa tonsili. Kuna dawa ya kulegeza misuli inaitwa suksamethoniamu. Kwa mtoto kama huyo, misuli inaweza kumwaga potasiamu kwa damu, moyo usimame. Marekani onyo liliwekwa kwa lebo tangu miaka ya 1990. Na dawa zingine za kulegeza misuli zipo. Halafu mtoto akienda tunasema siku yake ilifika? Zii!

Sisemi mkimbie upasuaji. Mzazi, sema kila kitu, hata kama kuna mjomba aliishia kwa wheelchair akiwa mdogo. Na nyinyi wa theatre, Kitengela hadi Kajiado mjini, ulizeni: "Alitembea akiwa na umri gani?" Mkishuku, pimeni CK kwa damu kwanza.

Swali ni bure. Jeneza si bure.